Mwili Haushuku Damu Yake

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitasema. Mwaka ule watu waliulizwa swali hilo getini kwao, na wengine hawakupewa nafasi ya kujibu. Nitasema tu kwamba upande wetu wa Nakuru, pale barabara ya Rongai inapoanza kuuacha mji, sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha kazi ya maabara katika chuo cha kilimo miaka na mikaka, akastaafu, akaja kukaa kwa nyumba ya mabati ya kijani yenye friji mbili. Moja ilikuwa ya chakula. Ya pili ilikuwa ya damu.

Na mimi ni mtu wa kushuku, afadhali mjue mapema. Baba Brayo, mume wangu, anayeendesha lori la viazi kutoka Molo, husema siku nikifika mbinguni nitamwomba Petro kitambulisho kwanza. Sikatai. Nilikuwa na ng'ombe watatu. Wawili walikufa kwa ndigana baridi, ule ugonjwa wa kupe unaokausha damu ya ng'ombe mpaka ufizi unakuwa mweupe, na kila mmoja alikufa baada ya kudungwa sindano na mtu wa koti jeupe aliyeniambia, "Mama, usijali." Nikabaki na mmoja, Krismasi, jina alilopewa kwa sababu ya siku aliyozaliwa. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa chai yetu, uji wetu na karo ya Brayo. Krismasi akienda, tumekwenda sote. Sasa wewe niambie, mtu kama mimi angemwaminije mzee mwenye friji ya damu?

Alikuja kabla kampeni hazijapamba moto. Alisimama nje ya geti, gambuti za mpira miguuni, moja nyeusi na nyingine ya kijani, kofia mkononi.

"Mama Brayo, naomba nusu lita ya damu ya Krismasi."

"Ya kupeleka wapi?"

"Ya kumrudishia."

Nikamtazama juu mpaka chini. "Sasa kama ni kumrudishia, si uiache tu huko iliko?"

Alicheka mpaka akalishika geti. Hicho kicheko nacho sikukipenda, maana mtu mwenye nia mbaya pia hucheka.

Alinieleza akiwa amechuchumaa, akichora kwa kijiti kwenye vumbi. Akasema damu ina chembe nyekundu nyingi kuliko mchanga, na kila chembe ni kama kijimfuko. Ukiziweka kwa maji yenye chumvi pungufu, zinakunywa, zinavimba, na ngozi zake zinaachia vitundu vidogo sana. "Umewahi kuloweka maharagwe?" akaniuliza. Hapo kwa vitundu ndipo dawa inaingia. Ukirudisha chumvi, chembe zinanywea, vitundu vinajifunga, na dawa imebaki ndani. Halafu unazirudisha kwa mshipa wa ng'ombe yuleyule, zinatembea naye wiki baada ya wiki zikitoa dawa pole pole. Sindano ya kawaida huja kwa kishindo na kuondoka upesi.

"Mdudu wa ndigana baridi anajificha ndani ya hizo chembe," akasema. "Basi mimi namfuata huko huko anakoishi."

"Na mwili ukikataa?"

"Mwili haushuku damu yake, Mama Brayo."

"Haki ya Mungu, basi mwili ni mjinga," nikamwambia. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Nikamuuliza kama ananihakikishia Krismasi atapona. Akasema hapana, hawezi. Akasema wataalamu wa mbali wamejaribu, wameandika, lakini ng'ombe wa huku na kupe wa huku hakuna aliyewajaribu, na yeye ana ruhusa ya kujaribu tu. Akatoa barua yenye muhuri, nikaisoma mara mbili, nikaipindua nikaangalia hata nyuma. Wale wa makoti meupe waliniahidi dunia na mbingu. Huyu hakuahidi kitu, na hilo likanitia shaka zaidi.

Nilikubali kwa sababu kupe walikuwa wengi mwaka ule na sikuwa na la kufanya. Lakini siku aliporudi na chupa, niliziba njia ya zizi.

"Hiyo damu ilioshwa na maji gani?"

"Maji ya chumvi. Ninayo hapa mengine."

"Onja."

"Mama Brayo, ni chumvi tu."

"Basi onja."

Akamimina kwa kifuniko, akanywa, akakunja uso. Nikampindulia ndoo akae. "Sasa tungoje," nikasema. Nikaingia jikoni nikasonga ugali wangu taratibu, nikimchungulia dirishani nione kama ataanguka. Hakuanguka. Alikaa pale akiimba nyimbo za kanisa, maneno nusu yake akiyatunga mwenyewe, na damu ya ng'ombe wangu iko kwa kikapu cha barafu miguuni pake. Ugali ulipoiva akaniuliza kama kuna wake.

Hivyo ndivyo alivyokuwa kwa chakula. Ukimpa uji, anakunywa. Ukimpa maziwa lala ambayo hata paka ameyakwepa, anakunywa na kushukuru. Mama Dorcas, jirani yangu wa geti la nne, mwenye mdomo unaofika sokoni kabla ya miguu yake, alimpa siku moja chai kwa kikombe alichotoka kukorogea dawa ya kuku. Akakumbuka baadaye, akakimbia kumwambia. Mwalimu alikuwa ameshamaliza. "Ilikuwa na ladha kidogo," akasema. Mimi nilimgombeza, nikamuuliza kama mama yake hakumfundisha kwamba kuna watu wabaya duniani.

"Nikishuku uji wa jirani, nitakula wapi?" akajibu.

Na huyu huyu, akianza kazi, alikuwa msumbufu ajabu. Alinawa mpaka viwiko mara tatu, na katikati ya kunawa hata umsalimie hakupi mkono. Kisha akimaliza unamwona anaokota hindi la kuchemsha lililoanguka chini, analipuliza, anatafuna. Kufika kwa watu alichelewa kila mara, ukiambiwa saa tatu ujue ni saa tano, lakini damu ikichelewa dakika kumi alifoka mpaka kuku wakakimbia. Alibeba damu ya ng'ombe kwa malita. Siku Brayo alipojikata goti kwa bati, Mwalimu aliona damu ile kidogo, akakaa chini palepale, midomo imekauka. Ilibidi nimpepee yeye kabla ya kumfunga mtoto kitambaa. Nilijiuliza, mtu wa namna gani huyu anayeogopa damu ya mtu na kucheka na ya ng'ombe? Jibu nililojipa wakati ule halikuwa zuri.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja. Kabla ya kurudisha damu, alisimama mbele ya ng'ombe, akasoma kijikaratasi shingoni mwa chupa, akaita jina kwa sauti. "Krismasi?" Na ni lazima mwenye ng'ombe ajibu, "Ndiye." Usipojibu, hadungi. Alisema damu ya mwingine ikiingia, mwili huo huo usioshuku chake unageuka mwuaji. Mama Dorcas alikuwa na ng'ombe wawili weusi wanaofanana. Siku ya kurudisha, alienda sokoni akasahau. Mwalimu alimngoja mpaka barafu ikayeyuka, hakuthubutu kubahatisha, na mwishowe akaimwaga damu yote chini ya mgomba. Mama Dorcas alimtukana mbele ya watu, ati amepoteza damu ya ng'ombe wake bure. Mwalimu alivaa kofia yake.

"Mama, kosa la damu halina samahani," akasema, akaenda.

Sasa nije kwa rangi. Kila nyumba aliyofanya kazi, Mwalimu alipaka tone la rangi kwenye nguzo ya geti. Jekundu maana yake ng'ombe wa hapa ana dawa ndani ya damu, mtu wa sindano asije akaongeza nyingine juu yake. Jeupe maana yake ng'ombe huyu anaangaliwa tu, bila dawa, apate kulinganisha. Alituambia wote, lakini unajua watu. Ukiwaeleza jambo la ng'ombe wakati wa mavuno, wanaitikia na kichwa kiko shambani.

Tena aliuliza kila mahali, "Nyumba hii wanakunywa maziwa wangapi?" Alitaka tumwage maziwa ya siku za kwanza, na ajue ni nani wa kuwauliza kama tumbo limewasumbua. Mimi nilimjibu, "Kwani unataka kutupikia?" Akacheka tu. Kilichonikaa rohoni ni kwamba hakuandika. Aliuliza, akasikiliza, akaenda. Mtu anayeuliza idadi ya watu nyumbani kwako na haandiki, anaipeleka wapi?

Nikamfuata. Nilijifanya narudisha chupa. Nilimkuta mezani kwake, nikamwambia bila kupindapinda, "Mwalimu, majibu yetu unaweka wapi?"

Akavuta droo, akatoa kitabu kikubwa cha jalada gumu. "Hiki sijaonyesha mtu," akasema. "Huku kwetu mtu akiona jina lake limeandikwa anadhani ni kodi ama ni polisi. Naandikia hapa nikifika. Lakini wewe usipokiona hutapata usingizi."

Nilikisoma ukurasa kwa ukurasa, yeye akinipikia chai. Majina yetu, rangi ya geti, watu wangapi. Nyumba yangu: watu watano. Ya Mama Dorcas: watu saba, na kweli ndugu yake alikuwa amekuja kukaa. Juu ya kila ukurasa, kwa mwandiko wa ubao, aliandika: Ng'ombe na maziwa. Nilimrudishia kitabu, nikanywa chai yake baada ya kumwona amekunywa yake, nikaenda nyumbani. Kuuliza si ujinga, nikajiambia. Nililala vizuri siku mbili tatu hivi.

Krismasi alipita msimu ule wa kupe akiwa mzima. Kwenye laini yetu, yaani safu ile ya nyumba za jirani, walikufa ng'ombe wa mageti meupe, na mmoja wa geti jekundu pia alikufa. Mwalimu alimlilia huyo mmoja kama mtoto wake. Watu walianza kusema dawa inafanya kazi. Mimi nilisema ni bahati, na kila asubuhi nilifungua mdomo wa Krismasi nikaangalia ufizi, na kila asubuhi ulikuwa na rangi yake.

Siku mbili baada ya kura, Mwalimu alichukua damu ya Krismasi kwa mara ya pili. Akasema ataitayarisha, itakaa kwa friji siku kadhaa bila kuharibika, atairudisha mambo yakitulia. Mambo hayakutulia. Matokeo yalipotangazwa, upande wa pili wa mji ulianza kutoa moshi, na Baba Brayo alikuwa amekwama Molo na lori. Watu tuliokopeshana chumvi tukaanza kusalimiana kwa macho. Kila mtu alikuwa akihesabu kimya kimya, huyu ni wa wapi, yule ni wa wapi.

Asubuhi moja Mama Dorcas alikuja mbio, leso mkononi. "Mama Brayo! Umeona mageti? Mengine yana tone jekundu, mengine jeupe! Wanasema yenye jekundu ndiyo yatachomwa!"

"Nani amesema?"

"Watu! Lisemwalo lipo!"

Tulikwenda kwa kioski cha maziwa, pale kona. Wanaume walikuwa wamejaa, wengine na panga, wengine na rungu, wote wakizungumza pamoja. Mmoja aliuliza kwa sauti, "Nani alipaka hizi alama?" Na wale walioambiwa wakati wa mavuno walitazamana kama hawajawahi kuambiwa.

Mimi nilijua. Nasema tena, mimi nilijua alama ni za nini. Lakini nilisimama pale nikawaza: lugha ya kwao si yetu. Anaogopa damu ya watu kwa sababu gani? Na je, mtu akitaka kuandika nyumba zetu zote bila kushukiwa, angetafuta kisingizio gani kizuri kuliko ng'ombe?

"Ni Mwalimu," nikasema. "Na ako na kitabu. Ameandika kila nyumba na watu wangapi."

Mmoja akaniuliza, "Kitabu cha nini?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema ng'ombe. Neno moja tu. Nikasema, "Mkamuulize yeye."

Walikwenda. Mimi nilifuata kwa nyuma pamoja na wanawake wengine. Nilipofika, friji ya pili ilikuwa uani, imelazwa, mlango umetoka, na chupa zimepasuka juu ya kokoto. Damu ilikuwa imetapakaa mpaka kwenye ngazi. Mtu alipiga kelele, "Ni damu ya watu!" na wote wakaitikia. Mwalimu alikuwa amepigwa kichwani, amekaa kando ya ukuta, anaitazama ile damu ikiingia mchangani. Safari hii haikuwa ya ng'ombe peke yake, maana damu yake mwenyewe ilikuwa inashuka shavuni, na hakuzimia. Lori la polisi lilipita likiokota watu wa kupeleka kambini kwa wakimbizi, wakampandisha. Miguuni pangu palikuwa na shingo ya chupa, na kijikaratasi bado kimefungwa: Krismasi.

Mtu mmoja alikifungua kile kitabu. Akasoma juu, akafungua ukurasa mwingine, akasoma yaleyale: Ng'ombe na maziwa. Akakiweka chini polepole. Watu waliondoka mmoja mmoja, na mchana huo laini nzima ilisikika ikikwaruza matone ya rangi getini. Mama Dorcas alitumia kisu cha kukatia mboga ya sukuma. Baba Brayo aliporudi akauliza, "Kwani wewe hukujua zile rangi ni za nini?" Nikamwambia sikujua. Miaka kumi na nne ya ndoa, na huo ndio uongo mkubwa kuliko yote niliyomwambia. Tone letu sikulikwaruza, liko pale mpaka leo.

Sitaki mdhani nilibadilika nikawa mtu wa kuamini watu. Mvua ndefu ilipokuja na kupe wake, nilikaa na Krismasi kama muuguzi, nikijua dozi yake ya pili ililowesha kokoto kwa ajili ya ulimi wangu. Alilegea juma moja, akakataa nyasi, ufizi ukaanza kufifia. Nililia zizini, sikuona haya. Kisha akaamka, akala. Labda ni ile dawa ya kwanza iliyobaki, labda ni Mungu. Wa kumuuliza hakuwepo.

Ni Baba Brayo aliyemwona. Alikuwa akishusha mzigo Mai Mahiu, akaja kuniambia mzee wetu yuko kwenye mahema, ng'ambo ya pale malori yanapolala. Kesho yake nilipanda naye lori, na maziwa ya Krismasi mapajani kwa thamosi, yamechemshwa, bado yana moto.

Nilimkuta amechuchumaa, ameshika mbuzi wa mtu, anageuza kope aone kama ana damu ya kutosha. Alikuwa amekonda. Gambuti zilikuwa zilezile mbili za rangi mbili. Alimwachilia mbuzi kwanza, ndipo akaniona.

"Mama Brayo," akasema. Hakusimama.

"Nimekuletea maziwa, Mwalimu."

"Ya nani?"

"Ya Krismasi."

Kitu kilimpita usoni. "Krismasi?" akauliza, kama alivyokuwa akimwita.

"Ndiye," nikasema. "Alipona. Alilegea kidogo akapona."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, akaniuliza siku ngapi, ufizi ulikuwa rangi gani, alikunywa maji kiasi gani. Nilimjibu yote, nikiona furaha inampanda hata akitaka kuizuia. Mkono wake ulitafuta kalamu mfukoni. Haikuwapo.

"Wale walioingia kwangu," akasema, "hawakusema fungua friji. Hawakusema habari ya rangi. Neno la kwanza lilikuwa, toa kitabu."

Sikuweza kumtazama.

"Hicho kitabu nilimwonyesha mtu mmoja."

"Nisamehe, Mwalimu," nikasema. "Nilijua ni cha ng'ombe. Nilijua na nikanyamaza."

Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Aliingia hemani, akatoka na kikombe cha bati, akaninyooshea. Nikamimina. Maziwa yalitoa mvuke, na nilimwona akimeza mate, maana mtu alikuwa na njaa. Alikileta kikombe karibu na pua, akakinusa. Yeye, aliyekunywa chai ya dawa ya kuku.

Akanirudishia.

"Onja," akasema.

"Mwalimu, ni maziwa tu."

"Basi onja."

Nikanywa mafunda mawili nikimtazama, machozi yakiingia kikombeni. Akakichukua, akakiweka chini kati yetu, akanipindulia debe nikae.

"Sasa tungoje," akasema.

Nikakaa. Yeye naye akakaa, mikono magotini, akinitazama usoni kwa makini kama anavyotazama ng'ombe. Maziwa yalianza kushika utandu. Baba Brayo alipiga honi kutoka barabarani, akapiga tena. Sikuinuka.